Uzi: Kuogelea na kuzamia kwenye ziwa la maji baridi. Dakika ya kwanza ndiyo ya kuiogopa

#1 KinaKirefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Maswali ya ziwa la maji baridi yanaletwa vipande vipande, nimeona tuyakusanye sehemu moja. Nazungumzia hifadhi za ufukweni mwa ziwa lenye kina: kuna sehemu ya kuogelea iliyozungushiwa maboya, kuna gati, na kuna mahali wazamiaji wanapoingilia na mitungi yao.

Wengi wanadhani hatari ya maji ya baridi ni mtu kupoa taratibu kwa saa nzima mpaka azimie. Wengi wanaokufa hawafiki huko. Wanazama dakika za mwanzo, mita chache kutoka nchi kavu, na baadhi yao ni waogeleaji hodari.

Iko hivi. Ngozi ikipoa ghafla, mwili unavuta pumzi moja kubwa bila kukuuliza, lita 2 hadi 3 kwa mkupuo. Kama mdomo uko chini ya maji muda huo, unavuta maji. Kisha unahema mbio mbio na huwezi kujizuia, moyo unakimbia, shinikizo la damu linapanda. Mtu ambaye akiwa nchi kavu anabana pumzi dakika nzima, hapo huenda asimalize sekunde 10. Mshtuko huu huanza maji yakiwa chini ya nyuzi 25 za Selsiasi, na kati ya 15 na 10 unakuwa umefika kwenye makali yake. Kilele chake ni sekunde 30 za kwanza. Ukivumilia bila kumeza maji, hutulia ndani ya dakika 1 hadi 3.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameifupisha kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kuirudisha pumzi kwenye utaratibu, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Hizo ni hesabu za maji ya baridi kali, na ile saa ni ya mtu aliyevaa jaketi okozi. Asiye nalo huishia kwenye ile 10, kwa sababu misuli ikigoma hana cha kumwelesha.

Kwa hiyo namna ya kuingia ndiyo usalama wenyewe:

Pima maji kwanza, kipimajoto cha kawaida kilichofungwa kwenye kamba kinatosha. Ingia kwa kutembea, miguu mbele, mahali unaposimama. Maji yakifika kiunoni simama, jimwagie mikononi, shingoni na usoni. Toa pumzi ndefu kwa mdomo, acha ya kuvuta ije yenyewe. Usizamishe kichwa mpaka uweze kutamka sentensi nzima bila kukatika katikati. Kama dakika 3 zimepita na bado unatweta, toka. Leo siyo siku yake.

Ukianza kuogelea, fuata ufuo sambamba, usielekee katikati ya ziwa. Miguu iwe inaweza kugusa chini wakati wowote. Anayekwenda mita 200 kuelekea kilindini anasahau kwamba zile dakika 10 zinahesabu kwenda na kurudi.

#2 Mawimbi_Madogo

Asante mkuu. Swali: kujirusha kutoka gatini ni kosa hata kama kina kipo? Na je, mwili hauzoei?

#3 KinaKirefu

Nianze na kuzoea. Mwili unazoea, na haraka kuliko watu wanavyofikiri. Majaribio yameonyesha kuingia mara 5 au 6, dakika 2 hadi 3 kila mara, kunaweza kupunguza ule mshtuko kwa karibu nusu. Kinachopungua ni mshtuko wa pumzi. Vidole kufa ganzi na misuli kuishiwa nguvu kunabaki palepale. Aliyezoea anahisi yuko sawa, kumbe ile 10 yake haijaongezeka sana. Hapo ndipo wazoefu wanaponaswa.

Kujirusha, hapana. Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, na mwenzake Michael Shattock walilieleza jambo hili mwaka 2012: ngozi ikipoa, moyo unaamriwa ukimbie; uso ukizama huku pumzi imebanwa, moyo unaamriwa upunguze. Amri mbili kwa wakati mmoja, na mapigo yanaweza kuvurugika. Ukijirusha unazichochea zote kwa nukta moja. Mwenye tatizo la moyo au presha asiingie maji haya kabla ya kuongea na daktari wake.

#4 Boya_Jekundu

Naongezea la shingo, maana kwenye gati ndipo linapotokea. Kutanguliza kichwa ziwani ni jambo la kuacha kabisa. Kina salama cha kutanguliza kichwa hutajwa kuwa angalau mita 2.7, na hiyo ni kwa sehemu iliyopimwa na isiyobadilika, kama bwawa lililojengwa. Ziwa halikai hivyo. Mchanga unahama kwa dhoruba moja, gogo linaelea chini kidogo ya uso wa maji, usawa wa maji unapanda na kushuka kwa majira. Palipokuwa salama mwezi uliopita leo pana fungu la mchanga.

Kinyume chake kinamhusu asiyejua kuogelea. Maji maangavu hudanganya macho, kina huonekana kama robo tatu tu ya kilivyo. Unapoona chini kama mita 1.5, jua ni mita 2, na mtu mzima hasimami hapo.

Kingine: mawimbi yakiwa makubwa, pembeni mwa gati hujengeka mkondo unaofuata ukuta kuelekea ndani ya ziwa. Siku ya mawimbi kaa mbali na gati. Ukibebwa usipambane nao uso kwa uso. Elea, kisha jitoe kwa pembeni, upande usio na ukuta.

#5 Tulivu77

Mimi kinachonichanganya ni hewa kuwa nyuzi 30, jua linawaka, halafu maji yanauma kama barafu. Jana yalikuwa mazuri kabisa.

#6 MpimaMaji

Tulivu77, hilo lina sababu mbili.

Ya kwanza ni tabaka. Maji matamu huwa mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo yenye ubaridi huo hukaa chini na ya vuguvugu huelea juu. Majira ya joto ziwa lenye kina linakuwa na blanketi la maji ya nyuzi 18 au 20 juu, halafu ghafla ndani ya mita chache joto linaporomoka hadi 8, 6 au pungufu. Mpaka huo unaitwa themoklaini. Anayepiga mbizi bila mtungi anaweza kuupita kwa sekunde mbili na kupata mshtuko uleule wa kuingia, ila safari hii akiwa chini na pumzi imebanwa.

Ya pili ni upepo. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, unasukuma lile blanketi la juu mbali na ufuo, na maji ya chini yanapanda kuziba nafasi. Ndani ya saa chache ufuo uleule unaweza kushuka kwa nyuzi 10. Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Michigan hasa, ni jambo la kawaida majira ya joto. Kwa hiyo kipimo cha jana kitupe. Pima leo.

Na upepo huohuo ndio unaobeba maboya ya kupulizia. Ukiwa ufuoni unaona ziwa limelala kama kioo, kwa sababu miti inakukinga. Mita 50 ndani upepo unashika. Mpira au boya likipeperushwa, liache liende. Watu wanazama wakifukuza kitu cha plastiki.

#7 Mbizi_Taratibu

Upande wa wazamiaji wa mitungi hauna budi kuwa na posti yake.

Uzito. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi kwa karibu asilimia 2.5. Mzamiaji ambaye yeye na vifaa vyake wana kilo 100, akitoka baharini aondoe kilo 2.5 hivi za risasi (vipande vya madini mazito vya kumzamisha) kwenye mkanda. Lakini akiwa amebadili suti nyembamba kwa nene, ile nene inamwelesha, anahitaji kuongeza tena. Usikisie. Fanya jaribio mahali unaposimama: mtungi ukiwa karibu mtupu, hewa imetolewa kwenye jaketi la kuelea, pumzi ya kawaida, maji yawe usawa wa macho. Mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2 kufidia hewa utakayoivuta, maana hewa ya mtungi wa lita 12 uliojaa ina uzito wa karibu kilo 3 na sehemu kubwa utaitumia.

Suti. Maji yanatoa joto mwilini karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Chini ya nyuzi 15 suti ya mpira ya milimita 7 yenye kofia, glavu na viatu ndiyo ya kuanzia. Chini ya 10 wengi huhamia suti kavu. Kumbuka joto la suti ya mpira linatokana na vipovu vya hewa ndani ya mpira wenyewe. Ukifika mita 10 vipovu vimebanwa hadi nusu ya ukubwa wake. Unakuwa na suti nyembamba mahali penye baridi zaidi, na umekuwa mzito pia.

Suti kavu inadai mafunzo yake. Hewa iliyomo ikikimbilia miguuni, unapinduka kichwa chini miguu juu na kupaa bila breki. Usiikodi Jumamosi asubuhi na kuingia nayo mita 20 mchana.

Kofia ijaze maji ya vuguvugu kabla hujaingia. Maji baridi yakipenya sikio moja kabla ya jingine, dunia inazunguka kwa nusu dakika hivi. Tulia, shika kamba au mwamba, itapita. Masikio yenyewe yazibue mapema na mara nyingi, kila nusu mita mwanzoni. Yakiuma panda kidogo, usilazimishe.

Vidole. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko saa: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Vikishindwa kukutana, au ukivitazama kwa macho kwa sababu huvisikii, mbizi imekwisha. Vidole hivyo ndivyo vinavyofungua bizimu ya mkanda wa risasi na kubonyeza kitufe cha jaketi. Kutetemeka ni ishara hiyohiyo. Mnapanda wote wawili, bila mjadala.

#8 Mawimbi_Madogo

Regyuleta (kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) kuganda, ni kweli au ni hadithi za kutishana?

#9 Mbizi_Taratibu

Kweli tupu, na kwenye maji matamu ni rahisi zaidi kuliko baharini kwa sababu maji matamu huganda mapema.

Hewa ikitoka kwenye mgandamizo wa bar 200 kwenda bar 10 hivi ndani ya hatua ya kwanza, ile inayofungwa mtungini, inapanuka na kupoa vikali. Kama maji ya nje ni nyuzi 4, chuma kile kinashuka chini ya sifuri. Barafu inajijenga kwenye springi na pistoni, valvu inakwama ikiwa wazi. Unasikia mlio wa kuchemka mdomoni, vipovu vinajaa mbele ya barakoa huoni kitu, na mshale wa geji unashuka ukiuangalia. Mtungi uliojaa unaweza kuisha ndani ya dakika chache, na kadiri ulivyo chini ndivyo unavyoisha haraka.

Kuzuia: tumia regyuleta ya maji baridi, yenye chumba cha hatua ya kwanza kilichofungwa maji yasiingie. Kwa kiwango cha ubora cha Ulaya EN 250, iliyoandikwa ">10 °C" haikupitishwa kwa maji ya chini ya nyuzi 10; ukiona alama hiyo iache nyumbani. Mtungi ujazwe hewa kavu kutoka kompresa yenye chujio zima. Usiijaribu regyuleta kwa kuvuta mara nyingi kwenye hewa ya baridi nje ya maji, wala usibonyeze kitufe cha kusafishia kwa fujo. Chini ya maji jaza jaketi kwa vipigo vifupi, na usijaze jaketi huku ukivuta pumzi, maana hapo hewa inapita kwa wingi mara mbili.

Ikishakwama: usiibane kwa midomo. Iachie nusu, sukuma kwa ulimi, nywa hewa kutoka kwenye mkondo huku ziada ikitoka pembeni. Mpe mwenza ishara, hamia regyuleta yake ya akiba, pandeni kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika. Usibane pumzi hata sekunde moja wakati wa kupanda. Wenye mtungi wa valvu mbili na hatua za kwanza mbili wanafunga ile iliyokwama. Zoezi hilo lifanywe na glavu mkononi, kwenye kina kifupi, mpaka mkono uijue njia.

Hewa igawe theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja huigusi. Kwenye baridi mtu anakula hewa zaidi, kwa hiyo hesabu ya bahari ya joto haitoshi.

#10 Boya_Jekundu

Wanaopiga mbizi bila mtungi wasipitwe. Kuhema haraka haraka kabla ya kuzama ili "kujaza hewa" ni kosa linaloua kimya kimya. Hujazi oksijeni ya maana, unafukuza kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo inayokupa hamu ya kupumua. Kengele inanyamaza, unazimia bila onyo, mara nyingi ukiwa umekaribia juu. Mmoja chini, mmoja juu anaangalia. Kila mbizi, bila kubakiza.

Wazamiaji wote wavute boya lenye bendera, nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari au ile ya buluu na nyeupe. Muogeleaji wa kawaida naye avute boya dogo la rangi kali na avae kofia ya kung'aa. Kichwa chenye nywele nyeusi hakionekani kutoka kwenye mashua.

#11 MamaWawili

Kuhusu watoto jamani. Nani aangalie, na kwa umbali gani?

#12 Boya_Jekundu

Mama, umbali wa mkono. Mtoto mdogo akiwa majini, mkono wako umfikie bila kupiga hatua. Na awe mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kwamba sasa ni zamu yake, simu ikiwa mfukoni. Wakiangalia "wote" hakuna anayeangalia.

Usisubiri kelele. Frank Pia, mwokoaji wa Marekani, alieleza jinsi mtu anavyozama hasa: yuko wima, kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji kwa pembeni, hawezi kupunga wala kuita. Muda ni sekunde 20 hadi 60. Kwa mbali utadhani anacheza. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele akinyamaza, geuka.

Jaketi okozi liwe la uzito wake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mvute kwa mabega ya jaketi; likipita kidevu, ni kubwa. Vile vya kupulizia vya mikononi ni vya kuchezea tu. Mtoto mwembamba anapoa haraka kuliko wewe, midomo ikibadilika rangi mtoe hata akilia.

#13 Tulivu77

Na mtu akianguka majini ghafla, hakuwa amejipanga?

#14 KinaKirefu

Aelee kwanza, aogelee baadaye. Kichwa nyuma, masikio ndani ya maji, mikono ipepee taratibu, miguu ikizama sawa tu. Asubiri pumzi itulie, dakika moja au moja na nusu, ndipo aite msaada au aelekee ufuoni.

Aliyeko ufuoni asijirushe kumfuata. Mrushie kamba, boya, hata dumu tupu lililofungwa. Mnyooshee kasia au tawi huku umelala kifudifudi. Mwokoaji asiye na kifaa anakuwa mtu wa pili wa kuokolewa.

Akitolewa hapumui: mtu mmoja apige simu ya dharura, wewe mpulizie pumzi 5 kwanza, kisha kandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2, endelea. Aliyezama kashindwa kwa kukosa hewa, ndiyo maana pumzi zinatangulia. Kama alijipiga kichwa, shingo yake ishikwe isigeuke, lakini kupumua kunakuja kwanza.

#15 MpimaMaji

Na aliyetoka salama hajamaliza. Joto la ndani ya mwili linaendelea kushuka kwa dakika 10 hadi 30 baada ya kutoka, kwa hiyo anayesema "niko fiti" pale ufuoni anaweza kuyumba kwenye ngazi za maegesho. Vua nguo za maji mara moja, jikaushe, vaa kuanzia juu: kofia, kifua, kisha miguu. Simama juu ya kitu, usikanyage ardhi baridi. Kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Asioge maji ya moto, asisuguliwe mikono na miguu, asipewe pombe. Vyote vinafungua mishipa ya ngozi na presha inaanguka. Asiendeshe gari huku anatetemeka.

Aliyeacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, anaongea kama mlevi au anasinzia, huyo ni wa hospitali. Mlaze chali, mbebe taratibu, asitembee. Moyo uliopoa unavurugika kwa mtikisiko mdogo.

#16 Mawimbi_Madogo

La mwisho: ziwa letu liko milimani, na barabara ya kurudi inapita juu zaidi. Kompyuta ya kuzamia (ile ya mkononi inayohesabu kina na muda) inajua hilo?

#17 Mbizi_Taratibu

Baadhi zinajirekebisha zenyewe, nyingine unaziwekea mwinuko kwa mkono. Soma kitabu chake kabla ya safari. Ziwa lililo juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari huhesabiwa kuwa mbizi ya mwinuko, na jedwali la kawaida la muda wa kuzamia halifai. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo naitrojeni inatoka mwilini kwa nguvu zaidi unapoibuka. Fupisha muda wa chini, panda polepole, simama mita 5 kwa dakika 3 au zaidi. Kama umetoka bondeni siku hiyohiyo, mwili wako una ziada ya naitrojeni. Kompyuta nyingi zinaomba usubiri kabla ya mbizi ya kwanza.

Barabara inayopanda ichukulie kama ndege. Kwa ndege ushauri ni angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima vya kutoa naitrojeni wakati wa kupanda, na saa 18 kama ulizamia mara kadhaa au siku kadhaa. Angalia ramani ujue kilele cha barabara kina mita ngapi juu ya ziwa. Kama tofauti ni mita mia kadhaa, zamia asubuhi mapema, lala hapohapo, ondoka kesho yake.